Kisu Kilichonolewa kwa Mkono wa Kushoto

Alhamisi, tarehe 31, mwezi wa saba.

Baridi kavu, ile ya kupasua midomo. Upepo umegeuka tangu asubuhi na moshi wa usine, kile kiwanda cha kuyeyushia shaba, umeshuka hadi mtaani kwetu Kampemba. Kila anayepita barabarani anakohoa. Nimejifunga kitambaa puani, nimenoa tangu saa moja.

Sijaandika humu tangu Ramadhani. Huwa naandika mambo madogo, nani kazaa, nani kahama, mvua imeanza lini. Leo sina mtu mwingine wa kumwambia. Asha, binti yangu pekee, yuko Likasi kwa mumewe, na majirani nikiwaambia, habari itafika sokoni kabla sijamaliza kuisema.

Mume wangu amenisaliti.

Basi, nimeandika. Nilidhani nikiiandika itapungua uzito, na haikupungua. Afadhali nianze na meza ya kunolea, maana yote yametokea pale.

Meza hiyo mume wangu Ramazani aliijenga mwenyewe, kiangazi cha mwaka juzi, kwa Jumapili nne. Wakati huo alikuwa ameshaachishwa kazi kwenye karakana ya kampuni na ameanza biashara ya samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Mimi nilikuwa nalalamika kila siku juu ya visu vya nyumbani, naye akasema nisubiri, atanifanyia kitu. Akapata fremu ya baiskeli iliyopinda uma wa mbele. Jirani aliitoa kwa fungu moja la samaki. Akapata jiwe la kusagia chuma lililolika hadi likabaki ukubwa wa sahani, ambalo fundi mmoja wa mtaani alikuwa akiegemezea mlango. Mbao zilitoka kwenye masanduku ya mizigo. Akaifunga fremu ndani ya kiunzi cha mbao, akaondoa gurudumu la nyuma, na pale lilipokuwa akalifunga jiwe katikati ya vipande viwili vya mbao ngumu. Ukikanyaga pedali, mnyororo unazungusha jiwe. Kazi imekwisha.

Kopo la maziwa lilikuwa wazo langu mimi. Nilitoboa tundu moja kwa msumari, nikalining'iniza juu ya jiwe, maji yanadondoka tone tone ili chuma kisiungue. Ramazani alicheka, akasema hata karakana yao haikuwa na mtambo wa hivyo. Kwa mwisho wa kazi tuna jiwe bapa la mtoni na mshipi wake wa zamani wa ngozi uliopigiliwa kwenye ubao. Kiberiti kinapima mlazo, yaani jinsi makali yanavyoinama juu ya jiwe: unakilaza chini ya mgongo wa kisu, na hapo ndipo mkono wako unapotakiwa kukaa.

Alinipima urefu wa mguu kwa kamba. Nakumbuka vizuri, alipiga magoti chini, kamba mkononi, akanipima kutoka gotini hadi kisiginoni ili pedali isinichoshe. Niliona haya kama mwari. Nilijisifu kwa majirani mwezi mzima.

Watu wakaanza kuja. Kwanza jirani na kisu chake, kisha muuza nyama, kisha mtaa mzima kila Ijumaa na majembe na mapanga, kwa sababu Jumamosi ni Salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na mkuu wa mtaa hana huruma na anayekuja na jembe butu. Wakaniita Mama Meule, kwa vile jiwe lenyewe wanaliita hivyo kwa Kifaransa. Jina langu hasa halitumiki tena hapa barabarani. Na kadiri jiwe lilivyozidi kutulisha, ndivyo safari za Ramazani zilivyozidi kurefuka. Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Gari limeharibika, samaki hawajakauka, barabara imekatika. Niliamini yote. Nilikuwa na kazi nyingi.

Sasa nieleze kitu ambacho nje ya nyumba yetu hakuna anayekijua. Mume wangu ni mtu wa mkono wa kushoto. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke wa Kasongo asiyecheza na adabu; alimfunga mkono huo kwa kitambaa tangu utoto ili asije kula nao na kuwaaibisha mbele za watu. Basi anakula kwa kulia, anasalimia kwa kulia, karakanani alipiga nyundo kwa kulia. Lakini akiwa nyumbani, amevua viatu, hana wa kumwangalia, kisu anakishika kwa kushoto. Na ananoa kwa kushoto, upande mmoja tu, ule unaoufaa mkono wake. Upande wa pili anauacha bapa kabisa.

Mimi natumia wa kulia. Kisu chake mkononi mwangu hukimbilia pembeni. Unakata muhogo, unaanza katikati na kuishia ubavuni. Miaka kumi na tisa nimegombana na visu hivyo. Ndiyo yalikuwa malalamiko yangu, na ndiyo maana meza ikajengwa.

Juzi Jumanne, saa nne hivi, akaja mwanamke nisiyemfahamu. Mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, miaka thelathini labda, kapu la mboga ya lengalenga mkononi. Akasema anaitwa Ngoie, anatoka Annexe, pembezoni mwa mji, ana shamba dogo huko, na muuza nyama ndiye aliyemwelekeza kwangu. Akatoa kisu cha jikoni.

"Mama Meule, unisaidie na hii kisu. Inakataka mu mbavu. Nyama yote inaenda upande moja."

Nikakipokea. Nikakiinua kwenye mwanga kama ninavyofanya na visu vyote.

Upande mmoja ulikuwa na mlazo, upande wa pili bapa. Mlazo ulikuwa upande wa kushoto. Kwenye mpini kulikuwa na vijiti vitatu vya shaba vilivyokatwa kwenye waya wa umeme na kupondwa vichwa kwa nyundo ndogo. Nina visu vinne jikoni kwangu vyenye vijiti hivyo hivyo vitatu.

Nilijiambia kwamba duniani kuna watu wengi wa mkono wa kushoto. Nilijiambia kwamba pengine alikinunua sokoni. Halafu nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, nani anamnolea nyumbani.

"Bwana yangu ndiye ananoaka."

"Bwana yako anatumika na mukono ya kushoto?"

Akacheka, akaziba mdomo. "Kumbe iko naonekana mu kisu? Ee mama, usiseme kwa batu. Eko na haya sana. Mbele ya batu anakula na kuume, lakini ku nyumba, kushoto tu."

Nikamuuliza bwana huyo yuko wapi siku hizi. Akasema yuko nyumbani, amerudi kutoka Pweto tangu Ijumaa na samaki wazuri, amechoka, analala sana.

Tangu Ijumaa. Mimi Ijumaa nilikuwa nimemwombea njia salama.

Nikamwambia kazi ni nyingi, arudi Alhamisi. Akaondoka akinishukuru. Akaniachia fungu la lengalenga bila mimi kuomba.

Hapa nitaandika jambo ambalo nalionea aibu. Alipopinda kona, nilikaa kwenye meza, nikalisogeza kopo la maji pembeni, nikakanyaga pedali kwa nguvu zote, nikakikandamiza kisu chake kwenye jiwe kavu. Kila anayenoa anajua matokeo yake. Chuma kinapata moto, makali yanageuka rangi ya samawati, na kisu hicho hakitashika ukali tena. Atanoa leo, kesho butu. Nilitaka akate nyama yake kwa kisu kibovu mpaka azeeke. Nikaona ile samawati inatokea kwenye makali yote, nikafurahi. Nilifurahi kweli kweli, kwa muda wa kama pumzi tatu.

Halafu nikaona aibu, nikarudisha maji.

Ilinichukua saa nzima kuisaga na kuiondoa ile sehemu iliyoungua. Kisu kilipungua upana wa ukucha. Nikakinoa pande zote mbili, nikakipitisha kwenye jiwe la mtoni, nikakimalizia kwenye mshipi wa ngozi, mshipi wa mwanamume huyo huyo. Kilikata unywele. Sijui kwa nini nilifanya kazi nzuri hivyo. Labda kwa sababu kisu hakikunikosea, wala mwanamke mwenye kisu.

Maana nimelifikiria kwa siku mbili, na si mwanamke wa pili anayenichoma. Mimi ni Mwislamu, binti wa Waislamu. Baba yangu alikuwa na wake wawili na walikuwa wakigombania kitanda cha watoto, si mume. Dini inamruhusu Ramazani, mradi atende haki na aseme wazi. Angekuja, angekaa kwenye kiti, angesema: Zaina, nimeona mtu. Ningelia wiki mbili. Ningemnunia mwezi, ningemtilia chumvi nyingi kwenye mboga. Halafu ningeenda Annexe na kanga mpya kumsalimu mwenzangu, kama mama yangu alivyofanya.

Hakusema. Alipiga magoti, akanipima mguu kwa kamba.

Ndiyo inayonila. Kila nikiitazama meza naona upya mambo niliyoyaona vizuri mara ya kwanza. Nilidhani ameniondolea taabu ya visu. Kumbe alikuwa ananitafutia namna ya kujilisha ili mguu wake mmoja uwe huru. Jumapili zile nne, naye akiwa ameshaujua mlango wa Annexe? Nimehesabu miezi kwa vidole, na sitaki kuandika jibu lake.

Na nikiri hili pia, ingawa ni upumbavu: kuna kona ya moyo wangu iliyosema, angalau yeye hakujengewa meza. Hata kisu chake hakumnolea sawasawa, amemwachia kinachokwenda upande kama nilivyoachiwa mimi. Nilijifariji kwa hilo Jumanne yote. Ona nilipofika.

Nilikuwa nimeshapanga. Leo angekuja, ningempa kisu chake, ningemwambia kwa upole: dada, mimi na wewe tunakula samaki mmoja. Nilifanya mazoezi ya sentensi hiyo nikichambua mchele.

Akaja saa tano. Kazi ilikuwa imejaa hadi uani, majembe na mapanga ya mtaa mzima, kwa sababu kesho ni Sikukuu ya Wazazi. Asubuhi watu wanakwenda makaburini kufyeka na kufagia, mchana wanarudi kula na wazazi walio hai. Yeye naye alikuwa na panga. Nikampa kisu. Akakijaribu kwenye jani la lengalenga, likakatika lenyewe, akapiga kofi kwa furaha.

"Sasa unisaidie na panga pia, mama. Kesho niko na makaburi mbili."

Nikaliweka panga lake juu ya mengine yote, litangulie. Nikaanza kukanyaga. Nilikuwa natafuta pa kuingizia sentensi yangu, basi nikamuuliza makaburi mawili ya nani.

"Moja ya mama yangu. Ya pili ya bibi ya kwanza ya bwana yangu. Alikufaka."

Mguu wangu ukaendelea kukanyaga. Sijui nani alikuwa anaukanyagisha.

"Pole," nikasema. "Alikufa na nini?"

"Malaria. Siku tatu tu, ikakuwa imeisha."

Malaria! Hata ugonjwa wa maana hakunitafutia. Miaka kumi na tisa, na nimeondoka kwa siku tatu za homa, kama mgeni wa kupita.

Nikamuuliza jina la marehemu. Akasema, "Zaina. Banasema alikuwa mwanamuke wa muzuri, wa kazi." Akasema bwana wake akimtaja anainamisha kichwa, kwa hiyo yeye hamuulizi sana. Akasema kaburi liko kwenye makaburi ya mji, upande wa Waislamu, halina jina, la tatu kutoka ukutani, limezungushiwa matofali ya kuchoma. Ramazani ndiye aliyempeleka, mara moja, akamwonyesha kwa kidole. Tangu hapo haendi tena, anasema roho inamuuma. Ngoie ndiye anayekwenda. Mwaka jana alipanda maua. Na kanisani kwao, kila mwisho wa mwezi, ananiwashia mshumaa.

"Naona haya kidogo," akasema. "Niko nakula mahali yake. Ni lazima nimukumbuke."

Nina kaburi. Nina maua. Mimi, binti Salumu, ninayeswali mara tano, nawashiwa mshumaa kanisani Annexe.

Na ile sentensi yangu ya mchele haikufaa tena. Ningesemaje? Mimi na wewe tunakula samaki mmoja, atanielewa vipi, wakati kwake mimi ni mifupa? Nilimtazama. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu, magoti pamoja, ananisubiri kwa heshima. Kabla ya kukaa alikuwa amelifuta vumbi la jiwe kwa upindo wa kitenge chake, si kwa ajili yake tu, benchi lote, ili na atakayekuja baadaye akae pasafi. Kama angekuwa mjeuri ningempasulia. Kama angekuwa anajua ningemrukia.

Nikalinoa panga. Nikapima mlazo kwa kiberiti, kama kawaida, ingawa kwa panga sihitaji. Nilitaka muda.

Alipolipokea akaniuliza jina langu, ili awaelekeze wanawake wenzake wa Annexe.

"Mama Meule inatosha," nikasema.

Akasema merci mingi, mama, Mungu akubariki. Akaenda.

Basi ndivyo ilivyo. Ramazani amemdanganya, na mimi nimemdanganya, siku moja, mtu mmoja, kwa jambo lile lile. Nimesimama mbele ya mtu anayeniombea nikamficha kwamba niko hai. Tangu saa tano najitetea kwamba nilimwonea huruma. Si kweli. Nilimwogopa. Niliogopa nikisema Zaina atanitazama kama kitu kilichotoka ardhini, na kwa nusu dakika ile mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Ramazani atarudi Jumamosi au Jumapili. Ataingia na harufu ya samaki, atasema barabara ya Pweto ilikuwa mbaya, ataomba maji ya kuoga. Nimejiuliza nitamwambia nini na nimegundua kwamba sina la kumwambia kabla ya kusema na mwenzangu. Ramazani alichagua wa kumzika. Mimi nitachagua wa kumwambia kwanza.

Ila naogopa bado. Inawezekana akalia. Inawezekana akapiga kelele, makaburi yamejaa watu, kesho mji mzima uko pale. Inawezekana akanichukia mimi badala ya Ramazani. Wanawake tunafanya hivyo, ni rahisi zaidi. Na nitapoteza nini? Mume aliyenizika kabla sijafa? Nikiuliza hivyo nacheka, nikimaliza kucheka naona bado nampenda, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote.

Kanga yangu ya zambarau nimeipiga pasi. Kazi ya watu imekwisha, kila panga limeshachukuliwa. Nimewaambia majirani kesho sifungui.

Asubuhi Ngoie atakwenda kufagia kaburi langu. Mimi nitatangulia. Nitaketi pale, kwenye lile la tatu kutoka ukutani, mpaka nione kitambaa cha kijani kinakuja, na nitasimama nimtajie jina langu kwa mdomo wangu mwenyewe. Halafu, kama bado ataweza kunisogelea, tutang'oa yale majani pamoja, maana pale chini kuna mtu kweli, na hakuna hata mmoja wetu anayemjua.